Kutoka Kilwa hadi Pemba: Namna ya Kuunga Safari ya Visiwa kwa Basi, Kivuko na Mashua

Hakuna meli moja itakayokupakia Kilwa, ikupitishe Mafia na Unguja, kisha ikushushe Pemba kwa tiketi moja. Meli kubwa za kitalii hutia nanga Zanzibar, abiria wakashuka asubuhi, wakazungushwa Mji Mkongwe, na magharibi wakawa wamesharudi vyumbani mwao baharini. Safari ninayoielekeza hapa unaiunga mwenyewe: basi, mashua ya kuvukia, kivuko cha serikali, boti ya kasi, meli. Gharama yake ni ndogo zaidi, na usiku unalala kisiwani pamoja na wenyeji.

Ushauri wangu mkubwa ni kuanza kusini na kupanda kaskazini. Wengi huanza Unguja kwa kuwa ndiko kunakojulikana, na wakishapunga upepo wa Forodhani hawana tena hamu ya kupanda basi kwenda Kilwa. Ukianza Kilwa unaifuata pwani kwa umri wake. Kilwa ilishika biashara ya dhahabu kati ya karne ya 13 na ya 15. Kua, huko Mafia, ulikuwa mji wenye watu mpaka mwanzoni mwa karne ya 19. Unguja ikawa kiti cha Sultani katika karne hiyohiyo. Zaidi ya hayo, barabara ndefu na mashua za kuloa unazimaliza ukiwa bado na nguvu, starehe inakuja baadaye.

Tenga siku 13: lala Kilwa mara mbili, Nyamisati mara moja ukisubiri kivuko, Mafia mara tatu, Dar es Salaam mara moja, Unguja mara tatu, Pemba mara mbili. Ukiweza kuongeza siku moja ya akiba, iweke Mafia, kwa sababu huko ndiko bahari inakoweza kukuzuia.

Hatua ya kwanza: tazama upepo, halafu mwezi

Kabla ya kuomba likizo, tazama upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba mpaka Machi, kusi kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi. Kusi likishika, hasa Juni mpaka Agosti, bahari huchafuka, na mkondo wa kati ya Nungwi na Pemba huwa hauna huruma kwa mtu mwenye tumbo jepesi. Miezi ya tanga mbili, Oktoba na Novemba, maji hutulia, ingawa vuli inaweza kukunyeshea. Mimi ningechagua Februari: kaskazi imeshapoa, mvua hakuna, na papa potwe bado wapo Mafia, maana wao huonekana zaidi kuanzia Oktoba mpaka Machi.

Aprili na Mei waachie wakulima. Masika hukata barabara ya kusini, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoingia nchi kavu kupitia Mafia, mafuriko yalivunja njia pale Somanga, magari yakakwama pande zote mbili.

Ukishajua mwezi wa kalenda, tazama na mwezi wa angani. Hili mawakala wa safari hulisahau, na ndilo linaloharibu siku za watu. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kwa pwani yetu kupwa kwa asubuhi huangukia karibu saa nne. Maana yake, ule muda mgeni anapotaka kuondoka baada ya chai, mashua imekaa kwenye matope. Siku za maji mafu, robo ya mwezi, mambo hugeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa. Songo Mnara, kisiwa jirani cha Kilwa, na Kua huingiwa kupitia mikoko, hivyo jitahidi siku zako za Kilwa na Mafia ziangukie maji mafu. Ikishindikana, kubali kuondoka alfajiri au alasiri, na umsikilize nahodha bila kumbishia.

Hatua ya pili: karatasi, fedha, mzigo

Mtanzania abebe kitambulisho cha taifa, kwa sababu jina la kwenye tiketi ya boti ya Zanzibar hulinganishwa na kitambulisho. Anayetoka nje ya nchi aende na pasipoti, akijua kwamba Zanzibar nako ataionyesha anaposhuka, na kwamba tangu Oktoba 2024 wageni wa nje wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Zanzibar. Ilipie mtandaoni kabla, usisubiri foleni ya bandarini. Nauli nazo zina madaraja mawili, ya mwenyeji na ya mgeni, basi mkaazi asiye raia asiache kibali chake nyumbani.

Benki zipo Kilwa Masoko, Kilindoni na Chake Chake, na mawakala wa fedha za simu wapo karibu kila mahali. Hata hivyo mashua, mihogo ya kukaanga na mwongozaji wa kijijini hulipwa kwa noti ndogondogo. Chenji ya elfu kumi ufukweni ni shida ya watu wawili, wewe na yeye.

Begi liwe moja, la kubebeka begani, kwa sababu mara kadhaa utashuka ndani ya maji yanayofika magotini. Simu, karatasi na nguo kavu zikae kwenye mfuko usiopenya maji. Chukua viatu vya mpira vyenye kisigino cha kubana: matumbawe hukata, na kandambili hubaki kwenye tope la mikoko. Wanawake wabebe kanga mbili. Wanaume, kaptula fupi iishie ufukweni. Kote utakakopita ni vijiji vya Waislamu, tena magofu mengi ni misikiti na makaburi.

Hatua ya tatu: Kilwa

Mabasi ya kusini hupatikana Mbagala. Panda la alfajiri. Ni kilomita 300 na ushei, unavuka Rufiji kwenye daraja la Mkapa, na unashuka Nangurukuru kama basi lako linaendelea Lindi. Hapo kuna magari ya kuingia Kilwa Masoko. Ukifika tu, kabla ya kutafuta chumba, pita kwenye ofisi ya hifadhi ya magofu uchukue kibali na mwongozaji. Bila kibali hicho hakuna nahodha mwenye akili atakayekuvusha, na ukikipata jioni, asubuhi unaondoka mapema.

Kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani ni mwendo mfupi, kwa mashua ya tanga au ya injini. Chukua ya tanga kama hakuna haraka. Unaposogea, kitu cha kwanza kukuona ni Gereza, ngome iliyosimama ukingoni mwa maji. Wareno waliuvamia mji huu mwaka 1505 na kujenga ngome hapo. Hii unayoiona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, miaka karibu 300 baadaye. Watu wengi hupiga picha nyingi hapa wakafika jumba la kale la Husuni Kubwa betri imekufa. Vumilia.

Msikiti Mkuu ndio moyo wa kisiwa. Sehemu yake ya nyuma ni ya karne ya 11, na ile kubwa yenye kuba na nguzo iliongezwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ingia taratibu, ukae chini dakika chache, uangalie juu. Matumbawe na chokaa, bila saruji hata kiganja, na kuba bado zimeshika. Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alipita hapa mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri wa majengo yake na Sultani kwa ukarimu wake. Mali iliyolipia haya yote ilitoka mbali: dhahabu ya bara la Zimbabwe, ikishushwa bandari ya Sofala, ikapita mikononi mwa Kilwa kabla ya kwenda Arabuni na India. Kilwa ilipiga hata sarafu zake za shaba, na mwaka 1944 chache kati yake ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, kila mtaalamu ana lake.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, juu ya jabali linalotazama bahari. Kuna vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Nenda huko kabla jua halijawa kali, maana kivuli ni haba. Kisha rudi kupitia kijijini. Watu wanaishi pale, wanalima, wanavua. Piga hodi, msalimie mzee kwa shikamoo, nunua maji ya dafu. Usiwapige picha watoto bila kuwauliza wazazi wao.

Siku ya pili ni ya Songo Mnara, kama mfuko na maji vinaruhusu. Boti ya injini huchukua zaidi ya saa moja, na unashuka kwenye maji ukatembea mikokoni. Magofu haya na yale ya Kisiwani yaliingia pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, lakini huku wageni ni wachache mno. Nyumba zimesimama kiasi kwamba unajua sebule ilikuwa wapi na jiko lilikuwa wapi. Kama una siku moja tu ya Kilwa, nenda Kisiwani. Kama unazo mbili na hukwenda Songo Mnara, umejinyima.

Hatua ya nne: Mafia

Kutoka Kilwa rudi kaskazini kwa basi mpaka Bungu, wilayani Kibiti, uache lami ushike njia ya Nyamisati. Panga ufike siku moja kabla ya chombo, au angalau usiku wake, kwa sababu kuondoka hufuata maji. Piga simu au umuulize dereva wa gari la Nyamisati saa ya kesho. Wao ndio wenye habari mpya.

Pale gatini utakutana na vyombo viwili. Kuna kivuko cha serikali, na kuna majahazi ya mbao yenye injini, yanayobeba watu, saruji, mbuzi na magodoro kwa pamoja. La pili lina hadithi nzuri zaidi za kusimulia. Wewe panda kivuko. Safari ni ya saa kadhaa, nusu yake ndani ya delta ya Rufiji, kati ya kuta za mikoko, na hiyo nusu haina mawimbi kabisa. Kula hapo. Mkitoka mdomoni mwa mto, acha.

Kilindoni ndipo gati lilipo, na ndipo boti za papa potwe huondokea. Nenda asubuhi, chagua boti yenye kanuni: hakuna kumgusa, hakuna kuruka juu yake, watu wachache majini kwa zamu. Samaki huyu ni mkubwa kuliko basi dogo lakini chakula chake ni vidudu vya majini, hivyo hofu yako haina msingi.

Kisha hamia Utende, upande wa pili wa kisiwa. Unapoingia unalipa ada ya Hifadhi ya Bahari, ambayo ilianzishwa mwaka 1995 na ilikuwa ya kwanza nchini. Kutoka Utende mashua hukuvusha kwenda Chole, kisiwa kidogo chenye magofu yaliyobanwa na mizizi ya miti, popo wakubwa wanaoning'inia mchana, na utulivu ambao sijauona kwingine pwani hii. Chole ndiyo iliyokuwa makao ya utawala kabla Wajerumani hawajahamia Kilindoni.

Kua iko kisiwa cha Juani, na ndiyo inayostahili siku nzima. Majumba ya ghorofa, misikiti, makaburi, yote yamemezwa na vichaka. Mji ulivunjwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava waliokuja kwa ngalawa kutoka Bukini, yaani Madagaska. Mwongozaji wa Juani atakusimulia pia kisa cha watu waliofungiwa chumbani wakiwa hai kwa kisasi cha koo mbili. Ukisikilize palepale, si kwenye simu. Kisiwa hichohicho ndiko kasa wanakotaga, na ukibahatika kupita wakati mayai yanaanguliwa, wenyeji watakupeleka kuwaona wadogo wakikimbilia maji.

Kabla hujatia mguu chomboni

Haya yanahusu kila chombo cha safari hii. Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni kabla ya kuondoka, na ukiona tahadhari ya upepo mkali na mawimbi ya zaidi ya mita mbili, ahirisha. Kwenye mashua ndogo, mwambie nahodha akuonyeshe majaketi ya kujiokolea kabla hujalipa. Yakiwa yamefungwa kwenye nailoni chini ya magunia, ni mapambo. Na ukiona watu wamezidi, shuka, hata kama nauli umeshatoa. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza kupita uwezo wake, mamia ya watu wakapotea. Haukupita mwaka, Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. Tangu hapo ukaguzi wa meli kubwa umekazwa. Mashua za ufukweni mkaguzi wake ni wewe.

Kichefuchefu: meza dawa nusu saa kabla, siyo baada ya kuanza kutoa mate. Kaa katikati ya chombo, sehemu ya chini, utazame upeo wa bahari. Tangawizi mbichi ya kutafuna husaidia baadhi ya watu. Supu ya utumbo asubuhi ya safari haijawahi kumsaidia yeyote.

Hatua ya tano: Dar es Salaam mpaka Unguja

Hii ndiyo sehemu rahisi. Rudi Dar, lala, fua nguo. Tiketi ya boti ya kasi ikate mtandaoni au ndani ya jengo la kampuni pale Kivukoni, usimpe fedha mtu anayekukimbilia barabarani hata akiwa na kitambulisho shingoni. Angalia vizuri saa iliyoandikwa: tiketi husema 07:00, yaani saa moja asubuhi, na kuna watu huja saa saba mchana. Fika mapema, mizigo hupimwa na kukaguliwa. Mwendo ni kama saa mbili, na mkikaribia, toka nje upande wa kulia mkaone Mji Mkongwe unavyojipanga ufukweni.

Shuka Malindi, tembea kwa miguu. Wapapasi, madalali wa wageni, watakufuata, sema "ahsante, mimi mwenyeji" na usisimame.

Sitaandika mengi juu ya Mji Mkongwe, kila mtu ameshaandika. Nitasema tu utazame kwa jicho ulilotoka nalo Kilwa. Ngome Kongwe ni ya Waomani, waliijenga baada ya kuwatoa Wareno, mahali palipokuwa na kanisa. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, na sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020. Usipange siku yako kwa kuitegemea. Mkunazini, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa la Anglikana likajengwa juu ya uwanja wake. Nenda huko asubuhi, peke yako kama unaweza, na usipange kitu cha furaha mara baada yake. Mchana kula urojo mitaani, mbali na ufukwe. Forodhani nenda jioni kwa upepo. Pweza uliza bei kabla hajakatwa.

Siku moja ikimbilie kusini, Kizimkazi Dimbani. Ndani ya msikiti mdogo wenye paa la bati kuna mihrabu yenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe, mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ni wakati mmoja na msikiti wa kale wa Kilwa. Waliotoka Kilwa huganda hapo. Waliokuja kuona pomboo hupita bila kugeuka.

Hatua ya sita: Pemba

Meli ya Pemba huondoka Malindi siku maalumu, kwa hiyo ijue siku yake kabla hujalipia chumba cha Unguja. Mkishapita Nungwi jishike. Unguja na Mafia zimekaa juu ya kina kifupi cha bara, ila Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na bahari hubadilika rangi kuwa buluu nzito. Mnashuka Mkoani. Panda daladala mpaka Chake Chake, ndiko katikati, na ndiko pa kulala.

Ukifika wakati wa mavuno, kuanzia Julai hivi, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kila kona ya barabara. Zipishe, usizikanyage, na usinunue gunia kutoka kwa mtu wa njiani. Zao hilo lina sheria zake.

Siku ya boti ondokea Wesha. Patana na nahodha mmoja kwa Misali na Ras Mkumbuu pamoja, vyote viko upande huo. Ras Mkumbuu kuna msikiti wa karne ya 14 na makaburi ya nguzo. Misali ni kisiwa cha hifadhi, kina matumbawe mazuri kuliko yote ya safari hii kwa maoni yangu, na wavuvi wanakiheshimu kwa imani kwamba Nabii Khidhri alisali pale, kisiwa kikawa msala wake. Lipa ada, usiache takataka, usichukue kombe.

Siku ya nchi kavu nenda Pujini, ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 ambaye Wapemba bado wanasimulia ukatili wake. Kilichobaki ni boma la udongo na ngazi chache. Bila msimuliaji huoni kitu, hivyo chukua mtu wa kijijini.

Hatua ya saba: kutoka

Si lazima urudi Unguja. Siku chache za wiki kuna meli inayounganisha Pemba na Tanga. Ulizia bandarini Mkoani na Wete siku unayofika Pemba, kisha upange siku zako kwa kurudi nyuma kutoka hapo. Ikikosekana, rudi Malindi kwa meli na Dar kwa boti. Wasomaji wa Kenya wanaweza kuigeuza safari yote: waingie kwa mpaka wa Horohoro, waanzie Tanga, wamalizie Kilwa, ila basi wabebe moyo wa kuishia na barabara.

Ukishuka Tanga mapema, weka begi stendi na uchukue bajaji kwenda Tongoni, kilomita kama 17 kusini mwa mji. Kuna gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, baadhi ya nguzo, mengine yakiwa na alama za bakuli za kaure zilizokuwa zimepachikwa. Patana na dereva akusubiri, saa moja inatosha, na uwahi basi la mchana la Dar.